Letisia Nampoto na Ukurasa wa Daftari la Wageni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Letisia Nampoto anakabidhi ofisi baada ya kukitumikia Kituo cha Ushauri wa Familia Upendano kwa miaka ishirini na minane, akihudumu Nachingwea na Ruangwa.

Alianza mapokezi. Wengi tunamjua kwa helmeti yake nyekundu, na kwa kuwaamuru waendesha bodaboda waende taratibu hadi wenye baiskeli wanatupita wakitusalimia.

Mwaka 2018 alipewa kazi ambayo wengine tuliikwepa: kuchunguza mauaji ndani ya familia katika wilaya zetu mbili, na kuzungumza na walioyatenda. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Niliingia gerezani nikitegemea kuona watu wa kutisha. Nilikutana na akina baba waliouliza kama mvua imenyesha kwao. Hadi leo sijazoea.

Mmoja wao alikuwa Ignasi, mkulima wa korosho wa Nkowe, aliyemuua kaka yake Dominiko kwa panga wakigombea mpaka wa shamba. Alijibu maswali yote kwa upole, kisha akasema, "Lakini mama, mimi nilikuja kwenu kabla. Nilisema naogopa mkono wangu."

Tulipofika ofisini, Mama Letisia alitoa daftari la wageni la mwaka wa mauaji yale. Ignasi alikuwemo, siku ya Alhamisi. Pembeni ya jina lake paliandikwa: "Hasira na nduguye. Arudi Jumatatu." Mwandiko ulikuwa wa Mama Letisia. Dominiko aliuawa Jumamosi.

Alikaa chini, sakafuni. Nilimwambia ukurasa ule si lazima uingie kwenye ripoti.

"Eusebio," alisema, "tumewauliza watu wote walichofanya. Sisi tusijiulize?"

Tukakagua madaftari mengine. Kati ya wauaji kumi na tisa tuliozungumza nao, saba walikuwa wamepita mlangoni petu kabla ya kuua. Nilihesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Kabla ripoti haijachapwa, tulikwenda Nkowe, akamsomea ukurasa ule Marselina, mama mzazi wa Ignasi na Dominiko. Nilidhani tutafukuzwa. Bibi yule alisikiliza hadi mwisho.

"Andika, mwanangu," alisema. "Ila andika kwamba wote wawili nimewazaa mimi."

Maneno hayo ndiyo yanayofungua ripoti yetu.

Tangu hapo Mama Letisia akaweka sharti: anayesema anajiogopa haondoki bila kusikilizwa siku hiyohiyo. Mwaka juzi Masanja, mfugaji aliyehamia Nambambo kutoka Kanda ya Ziwa, alikuja kueleza kwamba amempa jirani panga lake kwa sababu hajiamini mbele ya mkewe, Shida. Mama Letisia alipanda bodaboda saa ileile, na kwa mara ya kwanza akamwambia dereva akaze mwendo. Jioni hiyo Shida alihamia kwa dada yake. Masanja alihudhuria ushauri kila wiki kwa miezi minane.

Shida yu hai. Jumanne iliyopita alikuja kumuaga Mama Letisia. Alimshika mkono kwa muda mrefu, akaondoka.

Mama Letisia, asante kwa kutolificha daftari lile. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na siku nyingi nyumbani kwako.