Bi Ghalia, Sufuria Tatu na Dele la Kahawa

Baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya uwakili hapa Sur, Bi Ghalia Thabit anastaafu Alkhamisi, tarehe 31 Julai 2025. Tumefurahi kwa ajili yake, tumenuna kwa ajili yetu, na halua imeshaagizwa.

Nani asiyezijua sufuria zake? Kila wakili mpya alionyeshwa sufuria tatu, moja ndani ya nyingine. Kubwa ni unyang'anyi, ya kati wizi, ya ndani kutumia mali ya mtu bila idhini. Kwetu hakuna juri, mahakimu ndio hupima yote. Shtaka kubwa lisipothibitika, hufunua kutazama kilichomo ndani.

Kesi iliyompa jina ni ya Marhun wa Jalan Bani Bu Hassan. Mkewe Badria alishikwa na uchungu wa kuzaa, Marhun gari hana, na yeye na jirani yake Ghanim walikuwa wamenuniana. Marhun akampokonya Ghanim ufunguo wa pikapu, akamkimbiza mkewe hospitali. Asubuhi akairudisha pikapu imeoshwa, tangi limejaa. Lo! Polisi wanamngoja, shtaka unyang'anyi. Miaka jela inamkodolea macho, na mtoto ndiyo kwanza kazaliwa.

Marhun alitaka kutoka safi kabisa, la sivyo basi. Bi Ghalia, wakili wake, akamwambia, wee mwanangu, ufunguo umempokonya, na mtaka yote hukosa yote. Akawaomba mahakimu wafunue mpaka sufuria ya ndani: nia ya kutorudisha iko wapi? Ghanim, alipoulizwa amepoteza nini, alinung'unika kwamba, wallahi, hata petroli imezidi. Mahakama nzima ikaangua kicheko. Marhun akatiwa hatiani kwa kutumia gari bila idhini, akalipa faini, akarudi nyumbani kumbeba binti yake.

Si kwamba Bi Ghalia ni malaika. Ukichelewa mahakamani hukupa vipande vyako mbele ya wateja. Lakini kahawa yake hukurudishia roho.

Sasa, shikamoo Bi Ghalia, kuna jambo. Dele la ofisi, birika letu la kahawa, halionekani tangu Jumapili, na Aseel wa mapokezi kaliona garini mwako. Tumekaa, tumepima. Wizi haukuthibitika, maana tunakujua. Tumekutia hatiani kwa kosa dogo la ndani: kutumia dele bila idhini. Adhabu yako ni kulirudisha wewe mwenyewe, limejaa kahawa, kila Alkhamisi.

Ahsante kwa yote, mama yetu. Mungu akupe umri, siha na raha. Rufaa hatupokei.