Mkojo wa Jagi Moja

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu. Wakuu wa idara. Nanyi simbilisi arobaini mnaotusikiliza nyuma ya wavu:

KARIBU NDANI
Sisi watunzaji tumefurahi kukuona. Mara ya mwisho ulifika mlangoni, ukaziba pua, ukageuka ukaondoka. Leo umeingia hadi kwenye kiti. Hayo ni maendeleo.

TULIKOTOKA
Zamani tulimpima kila mnyama peke yake. Anawekwa kwenye kizimba kisafi, tunasubiri akojoe, tunachovya kijiti cha kupimia, tunajua hali ya figo zake. Ushamba mtupu, na ulikula vijiti arobaini.

MAFANIKIO
Kwa hekima yako uliagiza mkojo wa wote ukusanywe kwenye jagi moja, kijiti kimoja kitoshe. Ulipoona mkojo una ukungu, ulishtuka. Tulikueleza kwamba simbilisi mzima hukojoa hivyohivyo. Ukasema, "Msinifundishe kazi." Tukatii, hatukukufundisha.

CHANGAMOTO
Kijiti kilionyesha damu. Ukaamuru wote wauawe leo saa nane, eti figo zimekwisha.

Mama Vizimba, mwenzetu wa miaka kumi na moja humu, hajala tangu juzi. Ndiye aliyelisugua lile jagi kwa dawa ya kutoa madoa, ling'ae kwa heshima yako, ila hakulisuuza vizuri. Dawa ile hukihadaa kijiti, kikaona damu pasipo damu.

"Nimewaua wanangu kwa usafi," anasema.

"Hapana, mama," tulimwambia, "hata sisi tuliliona linanuka dawa, tukanyamaza."

Kosa hilo ni letu, tunaungama. La kuwachanganya wote jagi moja, mgeni rasmi, tunakuachia mwenyewe.

MAOMBI
Hatuombi soda wala fulana. Tunaomba vijiti arobaini na siku mbili. Atakayekutwa mgonjwa tutamtibu, na mzima aachwe ale majani yake. Tunawapenda, na hatuoni haya kusema.

Tulikuwa na kurasa nne za kukusifu. Tumeziruka, maana ni saa nane kasorobo. Tunakufahamisha pia kwamba funguo za vizimba anazo Mama Vizimba. Amezikalia, na amesema atainuka ukishatia sahihi ya kuwapima upya.

Mola akujalie umri mrefu na figo njema, na siku ukienda hospitali, mkojo wako upimwe peke yake.

Ni sisi wako watiifu, isipokuwa mmoja aliyeketi,
Watunzaji wa Nyumba ya Simbilisi.