Kitovu Kilichovushwa Mto

Sogeeni, wanangu. Katarina, niinue kidogo, niegemee ukuta, na wewe Eusebio acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Kaa hapa kitandani nikuone. Haya ninayoyasema leo yasikilizeni mpaka mwisho, kulia mtalia baadaye, maana kifua kimenibana na sauti iliyobaki si ya kupotezea kwenye kubembelezana. Mimi Skolastika, mjane wa Severini, nasema nikiwa na akili zangu timamu, asije mtu kesho akawaambia mama yenu alikuwa anaweweseka kwa homa.

Mali kwanza, maana mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii ni ya Katarina, aliyeniuguza na kunifulia bila kununa, ingawa kununa anakujua sana akitaka. Baiskeli ya baba yenu achukue Eusebio, aende nayo huko Lindi anakofundisha, na aache kuiazima kwa walimu wenzake, wataimaliza. Nguo zangu gawaneni. Sasa mikorosho. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, na ndiyo iliyonifanya niwaite wote wawili.

Mnajua ilivyopandwa, lakini nawaambieni tena. Tulipofika Nyangamara kutoka shamba la mkonge, wenyeji walitupa ardhi kwa moyo mweupe, ila walisema mgeni anapanda muhogo na mtama, mti hapandi, kwa sababu anayepanda mti amesema haondoki. Baba yenu aliitikia kwa adabu, kisha akawa anafukia korosho mojamoja katikati ya mihogo, miche ikakua humo humo imefichwa na majani, na watu walipokuja kuiona ilikuwa imeshaanza kuzaa. Walikasirika, wakaja kucheka, yakaisha. Lakini hayakuisha kwa jirani yetu Huseni. Kila asubuhi anapita hapo uani, ananijulia hali vizuri kabisa, halafu anasema, "Bibi, Desemba uhuru huo unakuja, wa ng'ambo ya Ruvuma mtarudi kwenu, na mikorosho haina miguu." Anasema akicheka, nami nacheka naye. Akishaondoka, ugali haupiti.

Kisha wewe Eusebio ukaja na habari za Boma, ukazisema umeinamisha kichwa kana kwamba wewe ndiye uliyeitunga hiyo sheria. Ulisema siku ya uhuru ikifika, aliyezaliwa Tanganyika anaamka raia bila kumwomba mtu, lakini awe na mzazi mmoja, baba au mama, aliyezaliwa Tanganyika naye. Ambaye wazazi wote wawili walizaliwa nje, huyo aombe, asubiri, wakubwa wamtazame usoni waamue kama anafaa. Ukasema, "Baba ng'ambo, mama ng'ambo, basi sisi tuko nje." Umezaliwa kwenye kambi ya mkonge Lindi, umesoma hapa, unafundisha watoto wa hapa kusoma, na uko nje. Niliumia, baba. Niliumia kuliko ugonjwa huu.

Na huko ng'ambo mtarudi kwa nani? Hamjawahi hata kukanyaga. Baba yenu alikimbia kule kwa sababu Wareno walikuwa wakimkamata mtu shambani kwake kama kuku, wanampeleka kazi ya lazima, harudi au anarudi mifupa. Alivuka mto na nguo moja. Mwaka jana tu mmesikia wenyewe waliokuja wakihema wakisimulia risasi za kule. Huku hatutakiwi kupanda mti, kule tunatakiwa kwa kamba. Hapo ndipo tulipobanwa maisha yetu yote, na hapo ndipo nisipotaka niwaache.

Basi sikilizeni. Mimi sikuzaliwa ng'ambo.

Tulia, Eusebio, usinishike kipaji cha uso, sina homa. Mama yangu alikuwa anakaa kwa kaka yake, upande wa Wareno, na alipokuwa na mimba yangu mume wake alikuwa ametangulia huku kujificha. Akamfuata wakati wa kiangazi, mto umekauka unavukwa kwa miguu, akiongozana na mtoto wake wa kwanza, kijana aliyekwisha kutoka jandoni. Uchungu ulimshika akiwa ameshavuka. Alinizaa Kitaya, upande wa huku, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja mfinyanzi ambaye hakumjua kabla ya siku ile, na mwanamke huyo akamkanda na kumpa uji.

Mtaniuliza kwa nini siku zote nimesema ng'ambo. Nimesema hivyo kwa sababu kwetu sisi mtu hazaliwi njiani. Mtoto ni wa kwa mjomba wake, na kama uchungu umemkuta mama safarini, kitovu kikidondoka kinakaushwa kwenye moshi, kinafungwa, kinapelekwa kwa mjomba kikazikwe uani kwake, na hapo ndipo mtoto amezaliwa. Changu kilivushwa mto, kikazikwa ng'ambo. Padre aliponiuliza siku ya ubatizo nilizaliwa wapi, nilimjibu kijiji cha mjomba wangu, akaandika. Karani wa mkonge aliniuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Baba yenu nilimwambia hivyo, na nyinyi mkakua mkijua hivyo. Sikumdanganya mtu yeyote. Mama yangu angenisikia nasema Kitaya angenipiga kofi, angeniuliza kama mimi ni mtoto wa mfinyanzi.

Lakini Serikali haiulizi kitovu kimezikwa wapi. Inauliza mama alilala wapi alipojifungua. Tangu Eusebio aseme yale ya Boma nimekuwa nikiyageuza haya kichwani, na nimeona kwamba kumbe mlango wenu ulikuwepo siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa nimeukalia bila kujua. Mama yenu alizaliwa upande wa huku, na nyinyi mmezaliwa upande wa huku. Inatosha. Hampaswi kumwomba mtu.

Mimi haitoshi. Usinitazame hivyo, Eusebio, nimeifikiria mwenyewe na wewe umesoma unajua. Nilizaliwa Kitaya, lakini baba yangu na mama yangu wote walizaliwa ng'ambo, kwa hiyo sheria hiyo hiyo itakayowapokea nyinyi kwa ajili yangu, mimi inaniacha nje. Chale zangu hizi za usoni zimefanya niitwe Mmawia, Mmakonde wa ng'ambo, kila soko nililopita, na Mmawia nitakufa. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi. Ila ningeambiwa nichague nani aingie na nani abaki nje, nisingechagua vingine.

Sasa shida iliyobaki. Neno langu peke yangu halitafika Boma, nitakuwa nimekufa, na vitabu vya padre vinasema ng'ambo. Mfinyanzi alishakufa, mama alishakufa. Aliyeona, na aliyekibeba kitovu changu kwa mikono yake akakivusha, ni yule kijana, na yule kijana ni kaka yangu Abilahi, anayekaa Rasbura na tusiyetajana naye katika nyumba hii.

Mnajua tulivyoachana. Alikuja kumchukua Eusebio aende jando chini ya mkono wake, kama ilivyo haki ya mjomba, na baba yenu akamwambia mtoto ameshatahiriwa hospitali ya misheni na atasoma, hayo mengine ni ya porini. Akamwambia hivyo mbele za watu, chakula kikiwa kimeshatengwa. Kaka yangu hakunawa. Aliondoka akasema hana mpwa. Baba yenu alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alimvunjia mwenzake heshima yake yote, na wewe Eusebio umekua ukimcheka mjomba wako kwa maneno ya baba yako. Nimekusikia. Umemwita mzee wa ngoma.

Ijumaa nilimtuma Katarina kwake. Jibu lake ni hili, nalisema kama lilivyokuja: ataapa Boma, ataapa msikitini, ataapa popote atakapopelekwa, lakini hawezi kuwaapia watu ambao si watoto wake. Mpwa wake mwenyewe amfuate, amsalimu kama mjomba, na mwanawe wa kwanza akifikia umri wa jando, Abilahi ndiye atakayemtoa jandoni. Hakutaja mikorosho. Hakutaka chochote chetu. Kwa hiyo nampa mimi, bila kuombwa: ile ya kando ya kijito, yote, ni yake, iliyobaki ni yenu wawili, na Huseni aambiwe leo hii kwamba ina wenyewe.

Najua moyo wako, Eusebio. Unaona umeshikwa koo. Unaona mama anakurudisha nyuma ili upokewe mbele, na mwalimu mzima utaonekanaje, na padre atasema nini. Ndiyo, umeshikwa koo. Hata mimi nimeshikwa, na kaka yangu naye ameshikwa, maana na yeye ni mtu wa ng'ambo, hana mtoto wa kumzaa, na asipokuwa na wewe hana mtu wa kumzika. Kiburi cha baba yako usikirithi. Nimekupa baiskeli, inakutosha. Na usisahau kwamba wewe mwenyewe ni mjomba wa watoto wa Katarina. Siku moja utakaa nje ya nyumba ya mtu ukingoja wakutokee.

Nizikeni hapa Nyangamara, kati ya mikorosho, karibu na baba yenu. Asitokee mtu wa kuwaambia nipelekwe ng'ambo nikalale na kitovu changu. Msifanye ngoma kubwa. Katarina, watoto wako waambie Kitaya, waambie walijue hilo jina. Mpendane, msishtakiane kwa ajili ya miti. Mungu awapeni ardhi ambayo hamtaulizwa mmeipataje, awape watoto watakaochoka kusikia habari hizi, Bikira Maria awafunike. Nimeridhika nanyi. Wote wawili, nimeridhika.

Maji kidogo. Basi... yatosha.

Eusebio. Abilahi yuko nje. Amekuja tangu asubuhi, amekaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, amekataa kuingia mpaka umtokee. Sikukwambia kwa sababu ungeondoka. Inuka sasa. Usivae viatu, nenda hivyo hivyo.

Katarina, nishike... Ameondoka? Fungua dirisha. Nataka kusikia... Amesema shikamoo. Kaka yangu kanyamaza. Mwite, mwambie... Eusebio, sema shikamoo mjomba. Mjomba, baba. Litamke.

Haya.

Ameitika. Nimesikia, ameitika marahaba, usiniambie... nimesikia mwenyewe. Waingie. Kaa hapa, kaka, karibu, macho yangu hayakuoni vizuri. Wasimulie. Anza pale mama aliposhika kiuno... Sema polepole, watoto wanajifunza.