Mlango Uliokuwa Unauma

Amani ikae katikati yetu, mama zangu, papa zangu, na ninyi vijana wenzangu mliojipanga kule nyuma ili mtoroke mapema. Mnanijua. Mimi ndiye yule msichana wa kusuka nywele anayecheka hata kwenye foleni ya maji. Shule niliiachia njiani, Kifaransa changu kina mashimo kama barabara zetu, lakini leo natoa ushuhuda wangu kwa lugha yetu na mtanielewa. Majina sitataja. Wenye habari hii wote wako hai, na mmoja wao amekaa hapa mbele yangu ananitazama.

Ndugu zangu, nawaambia habari ya nyumba iliyotaka kutuua, na jinsi sisi tulivyoizoea.

Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ni milango minne kwenye mstari mmoja, chini ya paa moja la mabati. Milango yenyewe ni ya chuma. Mwenye nyumba tunamwita Tonton, kwa heshima, na anakaa ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga. Mlango wangu ni wa pili. Wa tatu anakaa mama mmoja na mume wake. Nilipofika kutoka Basoko na baleniere, ile boti ndefu ya mtoni, nikiwa na begi moja na kitana changu, mama huyo alinipa mkeka wa kulalia bila kuniuliza mimi ni wa kabila gani. Tangu siku hiyo nikawa namwita mama, naye akawa ananiita binti yangu mwenye kelele.

Kelele kwa sababu ya ndoto zangu. Nilikuwa nasukia watu barazani, mteja ameegemea ukuta, na kila kichwa nilichokishika nilikisimulia habari ya saluni yangu itakayokuja: kioo kikubwa, kiti cha kuzunguka, jina langu limeandikwa juu kwa rangi ya waridi. Mama alikuwa anasema, "Binti, wewe unasuka nywele za leo na za kesho kwa bei moja."

Mambo yalianza na mvua. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, niliweka kiganja ukutani ili nitoe jiwe kwenye babushi yangu, ndala ya mpira, na nikasikia kama siafu wanatembea ndani ya mfupa wa mkono. Siyo juu ya ngozi. Ndani. Nikautoa mkono, nikautazama, hakuna kitu. Nikacheka. Kesho yake mlango wa chuma ukamng'ata mama alipotaka kufungua. Alisema tu, "Hii nyumba iko inatucheza," na akaenda kuchota maji.

Hatukuchukua muda mrefu kuelewa. Umeme ukikatika, nyumba ilikuwa nyumba. Umeme ukirudi, hasa wakati wa mvua, nyumba ilikuwa na meno. Mume wa mama, papa mmoja wa maneno machache, anayeuza mafuta ya mawese, alipanda ngazi ya mbao akachungulia chini ya paa. Alishuka polepole. Alisema waya unaotoka kwenye mita umepita juu ya mbao bila bomba, panya wameula nguo yake yote, na shaba iko uchi imelala juu ya bati. Bati limeshika fremu za milango. Na ule waya wa kuanikia nguo, umefungwa kwenye msumari wa paa.

Bon. Mnajua mtaa wetu umeme ukirudi baada ya siku nyingi. Watoto wanapiga kelele, muziki unawaka kila upande, hata wazee wanapiga makofi. Kwetu ilikuwa kinyume. Kelele za furaha zikianza kule kwenye soko dogo, sisi tulikuwa tunakimbia kukusanya watoto. Mtaa wote unashangilia, parseli yetu inanyamaza. Jirani mmoja alitutazama juu ya ukuta akasema, "Nyinyi munachukia mwangaza, muko bandoki?" Alikuwa anatania kwamba sisi ni wachawi. Wengine hawakutania. Wateja wangu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Dada mmoja, nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, ukuta ukamng'ata kisogo. Alisimama hivyo hivyo, upande mmoja msuko, upande mwingine msitu, akaenda. Hakurudi.

Na sisi tulifanya nini? Tulizoea. Hiyo ndiyo inanitisha mpaka leo. Tulijifunza kufungua mlango kwa kipande cha mbao. Kila mlango ulikuwa na mababushi yake ya mpira, hadi ya mtoto anayeanza kutembea. Desturi yetu ni mgeni kuvua viatu mlangoni, sisi tulikuwa tunamwambia mgeni, "Tafadhali, usivue." Watoto walitunga mchezo wa nani atagusa bati kwa jani bichi. Na mimi nilikuwa nacheka nikisema nyumba yetu ni ya kisasa, inasalimia watu kwa mkono.

Tonton tulimwambia. Siyo mara moja. Lakini sikilizeni tulivyomwambia. Akifika, sisi ni watu wenye adabu. Tunakimbia kumtolea kile kiti kizuri cha plastiki, tunakiweka pale kwenye lango, chini ya kivuli, penye mchanga mkavu. Tunamletea kinywaji. Anakaa, anauliza habari za watoto. Kisha papa anaanza habari ya umeme, "Tonton, courant iko inapita mu mabati."

Naye anatabasamu. Ana tabasamu zuri sana, ndugu zangu, hilo ndilo lilikuwa baya. "Banangu, ukuta ni wangu, bati ni yangu. Lakini courant si yangu. Nani anaikula courant? Ni nyinyi. Mwenye kula ndizi ndiye anatupa ganda."

"Tonton, waya ni ule uliweka wewe."

"Niliweka, ukafanya kazi. Mukitumia marmite ya kupikia mpaka inatoboka, munarudishia mwenye kuiuza?"

Tunacheka kidogo, kwa sababu ni mkubwa. Anamaliza kinywaji. Tukawaendea watu wa umeme. Wakatujibu kwa upole kwamba kazi yao inaishia kwenye mita, na baada ya mita ni mambo ya mwenye nyumba. Papa akatangaza atakata waya mwenyewe. Tonton akatuma neno kutoka ng'ambo: mtu akigusa paa langu, afungashe vitu vyake siku hiyo hiyo. Sasa twende wapi, na watoto, katikati ya mvua? Papa akairudisha ngazi yake ya mbao. Tangu siku hiyo alikuwa anatembea na testa mfukoni, ile bisibisi yenye taa ndogo nyekundu, na kila jioni alikuwa anaigusa milango mmoja mmoja kama daktari anayezunguka kwa wagonjwa. Taa ilikuwa inazidi kuwaka kila siku. Au macho yetu ndiyo yalikuwa yanaona hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri. Mvua ilikuwa imekatika, umeme pia haukuwepo, jua limetoka. Mama alifua. Kwa kuwa umeme haukuwepo, hakuvaa babushi. Alikuwa anaanika nguo kwenye waya, miguu yake imezama kwenye matope, anaimba. Mimi nilikuwa mlangoni na kinu, nimeshika mchi mkavu, pondu, majani ya muhogo, bado sijaitia.

Ikaanza kelele ya furaha kule sokoni.

Mama aliacha kuimba. Hakulia. Alibaki amesimama, mkono umefumba kwenye waya, mwili wote unatetemeka kama mtu anayesikia baridi kali, na macho yake yamenielekea mimi. Mtoto wake mkubwa alikimbia kumshika. Nilimsukuma yule mtoto akaanguka, na kwa ule mchi nikaupiga waya kutoka juu, nikaupiga tena mpaka msumari ukang'oka. Mama alianguka juu ya nguo zake safi. Na kule nje muziki ulikuwa unaendelea, mtaa unacheza.

Alipumua. Papa alimbeba na toleka, ile baiskeli ya kukodi, mwendeshaji akisukuma na sisi tukimshikilia mgonjwa nyuma, mpaka hospitali. Mama akarudi nyumbani baada ya muda, akiwa na vidole viwili vilivyoungua na moyo unaoruka mapigo. Akalala chumbani. Mimi sikusuka tena. Kila nikishika kitana cha chuma, nilikiachia kianguke. Ile saluni ilizimika kichwani kwangu, kioo na kiti na jina. Niliwaza kurudi Basoko. Nilifunga begi.

Sasa, habari ya ugonjwa ilivuka mto, chanzo chake hakikuvuka. Na kwetu, mnajua, mwenye nyumba anaweza kusalimiwa langoni maisha yake yote, lakini mgonjwa hasalimiwi langoni. Tonton akaja. Alivaa shati lake la kanisa, akabeba ndizi na sukari. Nilikimbia kuchukua kile kiti, kwa mazoea. Akanizuia. "Hapana, binti. Ninaenda kumuona mugonjwa."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulipokuwa uani, kelele zikaanza kule sokoni. Watu wa milango mingine walivuta watoto ndani, wakabaki wanachungulia. Tonton hakujua maana ya zile kelele kwetu. Alifika mbele ya mlango wa tatu, uliokuwa umerudishwa nusu, na kwa heshima ya mgonjwa akainama, akavua viatu vyake vya ngozi, akavipanga vizuri. Akasimama na miguu mitupu juu ya saruji iliyojaa maji.

Ndani nilimwona papa. Amekaa kando ya kitanda, uso wake umeelekea mlango. Alikuwa anaona kila kitu. Hakusema neno. Nikatazama milango mingine: hakuna aliyesema neno. Ndugu zangu, ule ukimya nilikuwa ndani yake pia. Nilimkumbuka mama kwenye waya na nikasikia sauti ndani yangu, tamu kabisa, ikiniambia: acha ashike, na yeye ajue.

Tonton akanyoosha mkono kwenye chuma.

"Tonton, usishike."

Ni sauti yangu, lakini sijui ilitoka wapi. Akasimama, mkono uko hewani, karibu na mlango kama upana wa kitana changu. "Kuna nini?"

"Rudi nyuma, Tonton. Polepole. Vaa hizi kwanza." Nikavua mababushi yangu, nikayasukuma mbele yake, na mimi nikaruka juu ya kile kipande cha mbao cha kufungulia mlango.

Papa alisimama. Alikuja mlangoni, akatoa testa, akaigusa kwenye chuma pale pale ambapo vidole vya Tonton vingefika. Taa nyekundu ikawaka. Mzee aliitazama ile taa kama mtu anayesoma jina lake mahali asipolitegemea. Kisha akatazama miguu yake. Kisha akageuka, akatazama milango yote minne, na mababushi kwenye kila mlango, mpaka yale madogo.

"Munaishi hivi?"

Papa akajibu, "Tulikwambia, Tonton."

"Mulinambia," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Mulinambia pale langoni, nikiwa na kinywaji mukononi. Na munacheka. Nilisema, batu banacheka, shida iko kidogo."

Kutoka kitandani mama akasema, "Karibu, Tonton. Ingia, lakini usiguse pembeni." Mzee akaingia kando kando, mikono imekunjwa kifuani, mnene vile alivyo. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka na kulia. Alipiga magoti karibu na kitanda. Waliyosemezana pale sitayasema, si yangu.

Siku hiyo hiyo fundi aliitwa, akakata kwenye mita. Tukakaa gizani majuma mazima, na sijawahi kulala vizuri hivyo. Waya mpya ukapita ndani ya bomba, mbali na bati, na ukawekwa waya wa kushuka ardhini. Tonton alikwenda na sisi mbele ya chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, akasema mwenyewe mbele ya watu: paa, ukuta na waya vilivyo ndani ya nyumba yangu ni mzigo wangu, balbu na kufuli ni zenu. Mkiona shida, nitakuja kuiona ndani.

Nawashukuru. Wewe mwendesha toleka uliyekataa malipo, nakuona. Wauguzi waliomkesha. Ninyi wa shirika letu la sala mliotuletea chakula gizani. Papa, kwa sababu alisimama. Mama, kwa sababu alinilazimisha kushika tena kitana. Kichwa cha kwanza kilikuwa chake. Na Tonton pia, nimeombea mto uwe mtulivu kila anapovuka.

Somo langu ni dogo kama shule yangu. Usimpe mkubwa adabu inayomficha shida usiyoweza kuishi nayo, mwingize ndani. Na kitu unacholia Mungu akuondolee, usimtakie mwenzako hata kwa kunyamaza.

Lakini asubuhi hii nilipita avenue yetu kuja huku, na nilitazama juu. Nimeona waya uchi kwenye mapaa mengine. Sitasema ya nani. Leo mawingu yamejaa upande wa maporomoko ya Wagenia na wengi wenu mtarudi nyumbani na miguu mitupu. Kama kati yenu kuna mtu ambaye ukuta wake unamtekenya, na amezoea, na anacheka, asinipigie mimi makofi. Asimame, aseme ni mlango gani, twende wote kwa mwenye nyumba kabla ya mvua.

Mimi nakaa. Nani anasimama?