Doa Jeupe la Nyuki

Kahawa ya mzunguko wa kwanza ilikuwa ikimiminwa Wubalem, mkutubi, alipotandaza ramani yake kwenye benchi la Etagegn, muuza kahawa, mkabala na lango la chuo. Haikuwa na mto wala mlima. Ilikuwa ramani ya maktaba: kila rafu na kisanduku chake, zinazoazimwa sana nyekundu, zisizoazimwa nyeupe. Saa nane kamati ingekaa, na vyeupe vyote vingehamishiwa ghalani. Katikati palikuwa na doa jeupe pe: tasnifu za ufugaji nyuki wa jimbo la Gojam, alizozikusanya mwenyewe kwa miaka kumi na miwili.

— Hongera, dada, alisema Gundi, fundi wa kujalidi vitabu. Weupe ni usafi.

— Usafi gani! Maana yake hakuna anayezigusa.

Mlinzi wa lango, mzee aliyebandikwa jina la Profesa, alishusha kikombe.

— Kosa ni la asali. Mwanafunzi akishaonja, asome nini tena? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

— Methali hiyo imeingiaje hapa, Gashe? aliuliza Wubalem, akimwita kwa heshima ya wazee.

— Utaielewa ukikua.

Mzunguko wa pili ukapita.

— Mimi nasema ni nyuki wenyewe, alisema Gundi. Kila mwaka naletewa tasnifu zilezile, migongo imevunjika. Nani avunje? Wananusa nta, wanaingia dirishani.

— Basi ndio wanaosoma! Profesa alijipiga kofi gotini. Jumapili, mkishafunga. Wanarudi Gojam na elimu yao. Ndiyo maana asali imepanda bei!

Wubalem alicheka bila kupenda. Etagegn alikuwa anamimina kikombe cha tatu, kile cha baraka, mwanamke mmoja alipoomba nafasi ya kukaa. Alikuwa na daftari na kofia ya wavu ya mfuga nyuki. Aliitazama ramani kwa muda.

— Samahanini. Na zile za kusomea humohumo, zisizotoka, mmezihesabu wapi?

Wubalem aliukumbuka mhuri wake mwenyewe, alioupiga kwenye kila tasnifu kwa kuogopa zisipotee: HAITOKI MAKTABANI.

— Dada, ile migongo... alianza Gundi.

— Kunywa kahawa, Gundi.

Akamgeukia mgeni.

— Saa nane utakuwa wapi, mwenzangu? Nataka uiulize kamati swali hilohilo.

— Nitakuwa papa hapa. Nasubiri kiti maktabani. Meza ya nyuki imejaa tangu asubuhi.

Wubalem akaikunja ramani, akampisha akae vizuri, kisha akanywa kikombe chake cha baraka polepole, mpaka kwenye machicha.