Bwana Jeilani Bwanamkuu na Siku Kumi na Tisa za Sanduku la Mionzi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa ndani, majirani na wageni mliovuka maji kuja Pate leo, Jumapili tarehe 10 Novemba 2024, kwa hitima ya siku ya tatu, mimi Swafwan, mtoto wa dada yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wetu, na Bi Khairiya, mjane wake, ambaye yuko edani, ameniamuru nisipunguze lolote, hasa lile la punda.

Marehemu Bwana Jeilani Bwanamkuu Husni alizaliwa hapa Pate tarehe 3 Juni 1953, mtoto wa tatu wa Bwana Bwanamkuu Husni, mkulima wa tumbaku, na Bi Sundus, akahitimu Kurani mwaka 1962, akasoma shule ya msingi papa hapa na sekondari kule Amu, alikomaliza mwaka 1973, na mwalimu wake aliandika katika cheti kwamba kijana huyu ni mwangalifu kupita kiasi.

Mwaka 1976 aliajiriwa na serikali kuwa afisa wa afya, akakagua visima, vyoo na machinjio kuanzia Amu hadi Kizingitini na Kiwayu kwa miaka thelathini na saba, na tarehe 20 Agosti 1981 alimuoa Bi Khairiya, ambaye mpaka leo anasimulia kwamba mchumba alipokuja na posa, kwanza aliomba kuona kisima cha mkwewe, akatoa ilani kwamba kifunikwe, ndipo akaketi. Walijaaliwa watoto watatu, Safaa, Husni na Rayyan, wote wakilelewa kwa maji yaliyochemshwa.

Mwaka 2009 alipelekwa Mombasa kwa mafunzo ya juma moja kuhusu taka za hatari, na kwa kuwa alikula vizuri sana huko, yeye mwenyewe alikiri kwamba mchana alisinzia, ila yalimbakia mambo mawili, alama ya mionzi, yaani yale mapanga matatu meusi ndani ya rangi ya manjano, na maneno matatu ya mkufunzi, kwamba kinachokuokoa ni muda mfupi, umbali mrefu na kizuizi kizito.

Alistaafu mwaka 2013, na huenda historia hii ingeishia hapo, lakini kampuni moja ya barabara, ambayo familia haikuona haja ya kuitaja, ilimaliza kazi kisiwani ikaondoka, ikaacha kibandani mwake sanduku la chombo cha kupimia ushindiliaji wa udongo, kinachofanya kazi kwa mionzi, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, marehemu alipita mbele ya uwanja wa Bwana Taha, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye yuko nasi hapa, akamkuta ameshika patasi na nyundo, sanduku la manjano lenye yale mapanga matatu liko katikati ya miguu yake.

Marehemu alipiga ukelele ambao haukuwahi kusikika kutoka kwa mtumishi wa serikali, hata aliyestaafu.

"Taha! Weka nyundo chini, rudi nyuma!"

"Kwani nini, Bwana Jeilani? Ni feni. Huoni picha yake? Ndani mna mota, tena nimeambiwa mna risasi, ile nzito ya kuzamishia nyavu."

"Si feni! Ndani mna kitu cha kudhuru watu, hakionekani, hakinuki na hakilii."

"Basi hakimo," akasema Bwana Taha.

Simu ilipigwa Nairobi kwa wasimamizi wa mionzi, jibu likawa kwamba maafisa watakuja, lisifunguliwe, na marehemu, ambaye hakuwa na gari la kubebea wala watu wa kumwamini, alilitia sanduku juu ya ubao, akalifunga kwa kamba ya pima nane, akamfunga punda upande wa pili ili mnyama naye apate umbali wake, wakashika ndia kwenda kwenye gofu la nyumba ya kale lenye ukuta mnene kando ya mashamba ya tumbaku. Wenyeji mnazijua kona za mui huu wa Pate. Punda alikuwa ameshapinda kona mbili na sanduku bado liko uwanjani kwa Taha, kamba ikakwama penye baraza ya msikiti, punda akagoma, na Bi Khairiya, alipotoka kuona fujo, alimkuta mumewe amesimama katikati ya kamba, hajui amsihi punda au aliombe sanduku.

Mwishowe sanduku liliingizwa gofuni, likazungushiwa magunia ya mchanga, marehemu akahesabu hatua thelathini, akaweka kiti, mwavuli na filimbi, akakaa. Watu wakasema ameficha dhahabu, wakaja kwa makundi kuchungulia, filimbi haikusaidia, mpaka akatangaza kwamba mionzi ile huwaanza wanaume, mahali ambapo kwa heshima ya mkutano sitapataja, na kuanzia alasiri ile hakuonekana mwanamume hata mmoja.

Isipokuwa Bwana Taha, aliyekuja siku ya kumi na mbili na patasi yake, kwa sababu mvuvi wa Kizingitini alikuwa akimhimiza risasi. Marehemu aliondoka kitini, akasimama mlangoni mwa gofu, akiwa na miaka sitini na mitano na magoti mabovu.

"Ukitaka kulipasua, anza na mimi," akamwambia. "Kile kidude cha ndani kikivunjika, vumbi lake litaingia nyavuni, kwenye samaki, kwenye mikono ya wanao, na hapatakuwa na mtu wa kununua kamba wetu. Nti nzima, bara na visiwa, itatukimbia, Taha."

Bwana Taha alimtazama sana, akaona kwamba mzee haondoki, akarudi kwake, na baada ya sala ya adhuhuri alirejea akiwa amebeba kiti chake mwenyewe.

Jumanne tarehe 2 Aprili walifika maafisa wakiongozwa na Bwana Patroba, wakapima kwa mashine yao, wakakuta halijavuja hata chembe, wakalitia katika pipa zito la chuma, likasafirishwa hadi ghala la taifa la kuhifadhia taka za aina hiyo.

"Mzee, hatua tano zingetosha," Bwana Patroba akamwambia.

"Hizo ishirini na tano nimewapa watu wa Pate," akajibu.

Familia inasisitiza kwamba marehemu hakuuawa na sanduku, alipimwa akakutwa mzima, bali alisumbuliwa na kisukari tangu 2016 na moyo tangu mwaka jana, akalazwa Amu tarehe 29 Oktoba, ambako alikataa kupigwa eksirei mpaka fundi asimame nyuma ya ukuta, na Ijumaa tarehe 8 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, alirejea kwa Mola wake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Khairiya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika, wenzake wa idara ya afya, Bwana Patroba aliyesafiri siku mbili kufika hapa, na Bwana Taha, aliyeshuka kaburini kumpokea na akawa wa mwisho kutoka.

Mjomba, umetuacha wazima. Mola akupe utulivu.