Pakiti za Yona

CALIXTE: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ININAHAZWE: Ni mimi, baba Diana. Ego, ni—

CALIXTE: Mama Diana! Subiri kwanza. Tuongee Kiswahili, nakuomba. Niko Kibirizi, ufukweni, watu wamejaa. Hapa wananijua kwa jina la Pastory, Muha wa Kasulu. Wakisikia Kirundi changu wataanza kuniuliza kibali cha kutoka kambini.

ININAHAZWE: Haya. Umeamkaje, bwana Pastory?

CALIXTE: Acha utani. Mmeamka salama? Watoto je?

ININAHAZWE: Tumeamka.

CALIXTE: Simu yako iko wapi?

ININAHAZWE: Nimeiuza. Hii ya jirani, Rozalia, na salio lake ni dogo, kwa hiyo nisikilize—

CALIXTE: Umeuza simu? Mbona hukuniambia?

ININAHAZWE: Ningekuambia kwa kutumia nini?

CALIXTE: [anacheka kidogo] Haya, hapo umenishinda. Sasa sikia, nina habari njema. Giza limeanza! Wiki nzima mwezi ulikuwa unawaka, dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi imelala mchangani, na sisi wabebaji tunaangaliana tu. Sasa wanatoka kila usiku. Nimefungasha kiroba cha dagaa wakavu, kuna dereva wa lori anakuja nacho huko kambini leo. Kipokee pale—

ININAHAZWE: Hicho kiroba apewe Rozalia.

CALIXTE: Rozalia? Kwa lipi? Utampunguzia wewe mwenyewe, kama siku zote.

ININAHAZWE: [anambembeleza mtoto pembeni ya simu]

CALIXTE: Haloo? Mtandao huu nao! Haloo?

ININAHAZWE: Nipo.

CALIXTE: Nasema kipokee wewe, halafu—

ININAHAZWE: Yona amepimwa tena.

CALIXTE: Mkono?

ININAHAZWE: Mkono. Ule utepe wao umesoma nyekundu.

CALIXTE: Si ulisema amefika njano? Si wanampa zile pakiti za karanga?

ININAHAZWE: Wanampa.

CALIXTE: Anazitapika?

ININAHAZWE: Hatapiki.

CALIXTE: Sasa inakuwaje mtoto anapewa chakula cha dawa halafu anazidi kukonda? Umewauliza?

ININAHAZWE: Wao ndio waliniuliza mimi. Nesi akaniambia, mama, hebu sema kweli, hizi pakiti anakula nani?

CALIXTE: Ukamjibuje?

ININAHAZWE: Nimjibu nini, Calixte? Mgawo wamepunguza tena. Watoto watatu wamekaa mkeka mmoja. Nimchanie Yona pakiti yake alambe, Diana na Melania wamtazame mdomoni? Wewe ungeweza? Niambie kama ungeweza!

CALIXTE: Ukawagawia.

ININAHAZWE: Nikawagawia. Kila mmoja achovye kidole. Na Yona mwenyewe, hata nikimgeuzia ukutani, anageuka anawanyooshea dada zake. Sasa mimi nimpige kwa hilo?

CALIXTE: Mana yanje!

ININAHAZWE: Kiswahili, Pastory.

CALIXTE: Mungu wangu, basi. Na kibarua cha kulima? Mzee Eliakimu si alikuwa anakulipa mahindi?

ININAHAZWE: Mahindi gani? Yamekauka yakiwa usawa wa magoti. Mvua ilikuja ikatudanganya, tukapanda, ikaondoka. Yule mzee hata mbegu wamekula. Akiniona njiani anapita upande mwingine, ananionea haya. Wala simlaumu.

CALIXTE: Jikaze kidogo tu. Giza ndiyo kwanza—

ININAHAZWE: Tunarudi, baba Diana.

CALIXTE: Mnarudi wapi?

ININAHAZWE: Kwetu. Kwa mama.

CALIXTE: Burundi?

ININAHAZWE: Nilijiandikisha kwa wanaorudishwa. Tumelala hapa kituoni, mabasi ninayaona, wanapakia mizigo. Rozalia ametusindikiza.

CALIXTE: Leo? We mwanamke, leo hii?

ININAHAZWE: Usinipigie kelele, utasikika.

CALIXTE: Wacha wasikie! Unanichukulia watoto bila kuniuliza?

ININAHAZWE: Ningekuuliza ungekataa. Na mimi ninge— [simu inakwaruza] —lakini Yona—

CALIXTE: Rudia! Sijasikia!

ININAHAZWE: Nimesema ningekusikiliza. Siku zote nakusikiliza. Na Yona angenifia mikononi nikiwa nakusikiliza.

CALIXTE: Na huko atakula nini? Jua linachagua mpaka?

ININAHAZWE: Bonde la mama bado lina unyevu. Kuna viazi, kuna mboga ya lengalenga. Si vingi, ila vipo.

CALIXTE: Na Ntakarutimana?

ININAHAZWE: Yupo.

CALIXTE: Pale pale?

ININAHAZWE: Pale pale kilimani. Alipita kwa mama juzi, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Akauliza habari zako. Akasema na wewe urudi tu, mambo ya zamani yamekwisha.

CALIXTE: Kaka yangu naye aliambiwa hivyo hivyo, na mtu huyo huyo.

ININAHAZWE: Najua. Si mimi niliyeuosha mwili wake?

CALIXTE: Nakuja, Bonaventura! Dakika moja, bwana, si naongea na mke wangu! ... [anashusha sauti] Sikia. Ningojee. Nachukua bodaboda sasa hivi mpaka stendi, naweza—

ININAHAZWE: Hufiki. Watakushika njiani, halafu niwe na mume kituo cha polisi na mtoto mgongoni. Usije. Nikikuona sitapanda, najijua.

CALIXTE: Basi usipande!

ININAHAZWE: Na Yona?

CALIXTE: Mama Diana...

ININAHAZWE: Nimekuuliza, Calixte. Na Yona?

CALIXTE: ... Mfunike kichwa. Vumbi la barabara ile unalijua.

ININAHAZWE: Nitamfunika.

CALIXTE: Na Ntakarutimana akikuuliza niko wapi, wewe hujui.

ININAHAZWE: Sijui. Nilishaanza kutojua tangu jana.

CALIXTE: Naogopa, mama Diana. Nakwambia kweli, naogopa.

ININAHAZWE: Hata mimi. Lakini wameanza kuita watu. Kuna jambo moja, nisikie haraka. Diana aligoma. Alishika nguzo ya mlango, hatoki bila baba yake, watu wakajaa. Ikabidi nimwambie... [simu inakwaruza] Huyu hapa ananivuta, anataka simu. Mkubalie tu, chochote atakachosema. Kaa salama, baba Diana. Kaa salama. Diana, polepole! Ongea Kiswahili, baba yuko kwa watu.

DIANA: Baba! Shikamoo!

CALIXTE: Marahaba, mama. Hujambo?

DIANA: Sijambo. Umeshafika?

CALIXTE: Nimefika wapi?

DIANA: Kwa bibi! Si mama amesema umetangulia kutungojea?

CALIXTE: Mama amesema...

DIANA: Baba?

CALIXTE: Ndiyo. Ndiyo, mama. Nimefika.

DIANA: Nimsalimie bibi!

CALIXTE: Hayupo hapa karibu. Ameshuka bondeni kuchimba viazi.

DIANA: Vingi?

CALIXTE: Vingi. Mtakula mpaka mseme basi.

DIANA: Na Yona pia?

CALIXTE: Yona ndiye wa kwanza.

DIANA: Mbona nasikia watu wanapigia kelele dagaa?

CALIXTE: Ni hapa ziwani. Ziwa limefika mpaka huku kwa bibi, mama. Ni lile lile.

DIANA: Aa. Baba, Rozalia anasema salio linaisha. Tunapanda sasa. Nikae upande gani nikuone?

CALIXTE: Ukae...

DIANA: Baba, upande gani?

CALIXTE: Wa kulia. Kaa dirishani, kulia.

DIANA: Utasimama barabarani?

CALIXTE: Nitasimama.

DIANA: Usiondoke hapo mpaka tufike, sawa?

CALIXTE: Siondoki. Diana, mpe mama simu. Mara moja tu, mpe mama— Diana? Haloo? Haloo?